Tulivyokula Mbegu za Mzee

Tangu anioe, mume wangu hakuwahi kuniachia kazi ya kuchagua mbegu. Tukishavuna, yeye ndiye anayekaa kwenye rundo la mahindi na kushika hindi moja moja. Analigeuza, anatazama kama mistari yake imenyooka, analipima kwa kiganja. Asilolitaka analirusha upande wa kula. Analolitaka analivua maganda bila kuyang'oa, analifunga na mwenzake kwa kamba ya mkonge, kisha anayatundika kwenye boriti ya jikoni, juu ya mafiga, moshi uyapige mchana na usiku. Hindi lililokaa kwenye moshi wadudu hawalitaki. Kazi yangu mimi ilikuwa kupika chini yake.

Mbegu hiyo aliirithi kwa baba yake. Ni mahindi meupe, mafupi, hayana sura ya kumvutia mtu, lakini yanajuana na jua letu la Handeni. Majirani wengi siku hizi wananunua za dukani, zile zilizopakwa dawa ya rangi. Mzee wangu hakutaka. Akiulizwa anasema mbegu ya duka ni mgeni, na mgeni akichoka anaondoka.

Kwetu mtu akila mbegu zake, watu hawasemi ana njaa. Njaa inampata kila mtu, na mwenye njaa anaazima debe kwa jirani, siku zinakwenda. Aliyekula mbegu wanamsema kwamba ameukatia tamaa msimu, na neno hilo linamganda. Ninalisema mapema ili ijulikane kwamba nilichofanya nilikijua. Mimi nilisoma madarasa machache tu, lakini hilo halihitaji shule.

Ugonjwa ulianza kwa ugali kumkwama. Akawa anashushia kila tonge kwa maji, kisha hata kwa maji tonge halipiti, tukahamia uji. Hospitali ya wilaya walimtazama, wakatupeleka hospitali kubwa, safari ya kutwa kwa basi ukitokea Korogwe. Huko wakasema ni saratani ya koo. Akapigwa mionzi, akatundikiwa dripu za dawa zile zinazomtapisha mtu mpaka anachoka kuishi. Nilikaa naye muda wote, nikilala kwenye mkeka barazani pamoja na watu wengine wenye wagonjwa wao. Shingo yake iliiva kwa nje kama iliyomwagikiwa maji ya moto. Lakini matibabu yalipofika mwisho alikuwa anameza uji mzito, na siku moja akameza ndizi nzima, akanitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Basi wakasema apigwe kipimo waone. Wakamwingiza kwenye ile mashine ya duara, kisha tukaitwa kwa daktari. Alikuwa kijana, mpole, ametuamkia wote wawili kabla hatujakaa. Akageuza kompyuta yake ili na sisi tuone picha. Mimi niliona cheusi, kijivu na cheupe, kama majivu yaliyomwagiwa maji.

"Uvimbe umepungua sana," akasema. "Ila hapa kuna kivuli. Kinaweza kuwa kovu la mionzi. Kinaweza kuwa ugonjwa uliobaki. Kwa picha hii siwezi kuwaambia ni kipi. Na kumkata kipande tukapime, koo bado bichi, tutamuumiza. Mwende nyumbani, babu ale vizuri, mrudi baada ya miezi mitatu tupige tena."

"Amepona au hajapona?" nikauliza.

"Bibi, sijasema amepona, na sijasema hajapona."

"Mashine kubwa kama ghala, nayo haijui?"

Mzee wangu akanigusa goti. "Mwache mtoto wa watu," akasema. "Kivuli kakikuta, hakukiweka yeye."

Mimi ni mtu wa ndiyo au hapana. Mvua inakuja au haiji. Mtoto amevunja sahani au hakuvunja. Nilimwona yule kijana anatuficha kwa heshima. Nimeshaona wagonjwa wengi wakiambiwa waende nyumbani wakale vizuri, na kila mtu anajua maana yake. Basi pale pale kwenye kiti, kabla sijainuka, nikajijibu mwenyewe. Nikasema moyoni: huyu anakwenda kufia nyumbani.

Njiani basi likasimama Mombo watu wale. Mzee akateremka akanunua peasi za Lushoto, akarudi kwenye kiti, akawa anazimenya kwa kisu chake na kutafuna polepole, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Onja," akaniambia.

Nikaonja. Nikasema moyoni, mwache ale, ndio mwisho huo. Alikuwa amebanana nami kwenye kile kiti, ana joto lake, ananukia sabuni ya hospitali, na mimi nimeshamvika sanda.

Nyumbani watu wakaja kumjulia hali. Kwetu mgonjwa hatazamwi kwa kupita, watu wanakaa, na waliokaa wanakula. Wakimuuliza mwenyewe hospitali wamesemaje, anawajibu, "Wamekuta kivuli. Tutarudi." Wakitoka nje wananiuliza mimi kwa sauti ya chini, nami ninawajibu, "Tunamsubiri tu." Wanatikisa vichwa, wananishika mkono. Hata mfugaji wa upande wa mbugani, aliyekuwa anatuletea maziwa ya mgonjwa kila asubuhi, nilimwambia hivyo hivyo. Akafikiri, akaniuliza aendelee kuleta mpaka lini. Nikapokea maziwa, nikaingia ndani.

Unga ukapungua. Niseme kweli: mahindi ya kula yalikuwepo. Gunia lilikuwa limesimama kwenye kona, halijaliwa hata nusu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimekaa jikoni, nikainua macho, nikayaona yale ya mbegu yamejipanga kwenye boriti, yameshika rangi ya moshi. Nikajiuliza nani atayapanda. Nikageuza kinu, nikasimama juu yake, nikaanza kufungua kamba.

Mkwe wangu, mke wa mwanetu wa mwisho tunayekaa naye, akaingia na ndoo ya maji.

"Mama, hayo si ya mbegu ya baba?"

"Pukuchua."

"Lakini mama..."

"Nimesema pukuchua. Au umekuja kunifundisha nyumba yangu?"

Akapukuchua. Yakaenda mashineni, yakarudi unga. Magunzi nikayachoma pale pale kwenye mafiga, yakaivisha maharage ya wageni. Kamba niliziacha zikining'inia. Sijui kwa nini. Nadhani sikuwa na uso wa kupanda tena juu ya kinu.

Na hapo ndipo mzee wangu alipoanza kunenepa.

Alitoka kwenye uji akaenda kwenye viazi vya kuponda, akatoka kwenye viazi akaenda kwenye ugali laini. Akawa anafika barabarani, akawa anafika msikitini na kurudi bila kupumzika. Mashavu yakarudi mahali pake. Na kila alipopata nguvu mimi nilizidi kuogopa. Mke anaogopa mumewe kupata nafuu! Nilikuwa ninamwona amesimama uani anatazama mawingu upande wa milimani.

"Kalale," ninamwambia. "Upepo huu si mzuri kwa kifua."

"Nimelala miezi, nimechoka kulala. Masika hayo yanakuja."

Asubuhi moja akaingia jikoni. Wanaume wa kwetu hawaingii jikoni ila kufuata kaa la moto. Nilikuwa ninasonga ugali, sikugeuka. Nilimsikia tu amesimama, na nilijua anatazama wapi.

"Mahindi yangu yako wapi?"

"Panya," nikasema.

Mkwe wangu alikuwa chini anachambua mchicha. Akainama mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mzee akashika kamba moja, akaipitisha kwenye vidole vyake mpaka ncha. "Panya wa siku hizi wamesoma," akasema. "Anakula hindi, anafungua fundo, na kamba anairudisha kwenye msumari wake."

Ugali ukaanza kutoa harufu ya kuungua.

"Mmeyala."

"Tumeyala."

"Lini?"

"Tuliporudi. Wageni walikuwa wengi."

"Na gunia lilikuwa limeisha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mkwe wangu alikuwepo, na yeye ndiye aliyekuwa akichota kwenye gunia hilo. "Gunia lilikuwepo," nikasema.

Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Na mimi nilikunywa uji wake?"

"Ulikunywa."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajishikiza kwenye mlango. "Basi nimekula hitima yangu mwenyewe!" akasema. "Wenzangu hitima zao zinaliwa wakiwa kaburini, mimi ya kwangu nimelishwa kwa kijiko. Eti mwanangu," akamgeukia mkwe, "mama yako alitia sukari?"

Mkwe akainuka akatoka mbio na ungo wake wa mchicha.

Laiti angeishia kwenye kicheko. Alipofuta machozi akanitazama, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Daktari alisema hajui," akasema. "Kumbe wewe ulijua. Ungeniambia."

"Sikujua kitu."

"Wewe hukosei mambo haya, bibi. Ukisema mvua haiji, haiji. Ukisema mbuzi huyu haponi, haponi. Sasa umeshasema."

Akaenda kulala, na jua lilikuwa halijafika kichwani.

Hakutoka tena barabarani. Maji ya kuoga nikimtengea yanapoa. Chakula ananiambia niweke pale, na jioni ninakikuta pale. Majirani walikuwa wameshaanza kulima, majembe yanasikika pande zote, jembe lake limeegemea ukuta na buibui ameshalifuma. Hospitali walishindwa kusoma picha yake. Yeye alikuwa ameisoma kwenye kamba tupu. Nikaona kwamba mtu huyu atakufa kweli, na hata kivuli hakitahusika. Atakufa kwa kuniamini mimi.

"Mzee, kesho ninakwenda mjini kununua mbegu," nikamwambia.

"Nunua," akasema, uso ukutani.

Nikajua za kununua hazitamwinua.

Mbegu ya kwao ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: kwa dada yake mkubwa, wifi yangu, aliyeolewa upande wa Korogwe, bondeni karibu na mto. Alipoolewa baba yao alimfungia, naye hajaiacha. Wifi huyo na mimi tangu ujana hatukupatana zaidi ya salamu. Ana ulimi, na mimi sikubali kuambiwa. Kama kungekuwa na mlango mwingine duniani wa kuombea mbegu hizo ningekwenda huko, hata kwa magoti. Nikapanda bodaboda mpaka barabara kubwa, nikapata gari mpaka Korogwe, nikachukua bodaboda nyingine. Nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo, wifi."

Hakuitikia. "Kaka yangu amekufa?"

"Hajafa."

"Haya, marahaba. Umefuata nini? Wewe hunijii bure."

"Nimefuata mbegu."

Ungo ukasimama. "Mbegu gani? Kaka yangu anatunza mbegu tangu hajaota ndevu."

"Nimezila."

"Mmezila?"

"Nimezila mimi. Nilidhani hatafika masika."

Nilitegemea matusi, na yalikuja. Aliniambia mimi ni mwepesi wa kuzika kuliko wachimba makaburi. Akaita majirani zake waje wamtazame mwanamke aliyemsomea mumewe hitima huku anamchemshia maji ya kuoga. Akaniuliza sanda nimeshanunua au ninasubiri bei ishuke. Mimi, ambaye watu wazima wakiniona njiani wanazima sigara, nilikaa kwenye kigoda chake nikatazama vidole vya miguu yangu. Wale majirani walikuwa wanacheka kwa kujizuia, wamejiziba kanga mdomoni. Nilitafuta neno moja alilonisingizia ili nilishike nimrudishie, sikulipata.

Alipochoka akaingia jikoni kwake, akatoka na mahindi. Yale yale, meupe, mafupi, yenye rangi ya moshi. Nikafungua kiroba changu. Akanishika mkono.

"Hapana. Hayaingii humo. Kaka yangu ulimtangazia kifo hadharani, basi na mbegu zake zitarudi hadharani. Utajitwika kichwani, wazi, watu waone."

"Wifi, kwenye gari..."

"Kwenye gari utayapakata. Ukishuka, kichwani."

Nikafanya hivyo. Niliteremka mwanzo wa kijiji, nikajitwika. Kila mtu wa kwetu anajua maana ya mtu mzima kutembea na mahindi ya moshi kichwani wakati mawingu yameshafunga. Wanawake waliokuwa bombani wakipiga soga wakanyamaza. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Bibi, kumbe mlikula?"

"Tulikula," nikasema, nikapita.

Mbele nikakutana na yule mfugaji wa maziwa amesimama na fimbo yake. Akayatazama mahindi, akanitazama usoni, hakucheka.

"Kwa hiyo maziwa niendelee kuleta?"

"Endelea," nikamwambia.

Mzee alikuwa uani kwenye kitanda cha kamba, amelala ubavu. Akainua kichwa.

"Hayo ya dada."

"Ya dada yako."

"Amekutukana?"

"Amenitukana mbele ya majirani zake."

"Vizuri." Akajiinua kwa kiwiko. "Alisemaje?"

Nikamweleza yote, nimesimama, mzigo bado kichwani. Lile la sanda kushuka bei akataka nilirudie. Nikalirudia. Kisha nikasema nililokuja nalo njia nzima.

"Mimi sijui kitu, mzee. Siku ile sikujua, na leo sijui. Nilishindwa kukaa na kutojua, nikajifanya ninajua. Usinisikilize."

Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, na mimi sijathubutu kumwomba. Alikaa kitako, akanyoosha mkono. "Nipe hilo la juu," akasema. Akalipukuchua kama anavyofanya siku zote: punje za kichwani na za kitakoni akawatupia kuku, za katikati akazitia kwenye bakuli.

Miaka yote yeye ndiye anayechimba mashimo, mimi ninafuata nyuma nikitia punje na kufukia kwa mguu. Masika haya nguvu za jembe hakuwa nazo. Nikachimba mimi, akafuata yeye. Sikumwona uso. Nilisikia miguu yake na pumzi yake, akisimama nasimama, akisogea nachimba. Sehemu kubwa ya shamba ilipandwa na mwanetu na mkewe, lakini upande wa karibu na nyumba tuliupanda sisi.

Hospitali tulirudi mahindi yakiwa yamefika magotini. Daktari yule yule, kompyuta ile ile, majivu yale yale. Kivuli kipo palepale, hakijakua, hakijapungua. Bado hawezi kusema ni nini. Turudi tena. Safari hii sikuuliza neno. Aliyeuliza ni mzee.

"Daktari, vuli nilime?"

Kijana akatabasamu, kisha akaona anaulizwa kweli. "Lima, babu," akasema. "Mimi sijui, lakini lima."

Watu bado wananiuliza nje ya mlango. Ninawajibu kwamba hospitali hawajui, na mimi sijui. Neno hilo ni zito kinywani kwangu kuliko ule mzigo wa mahindi kichwani. Wengine wanadhani ninaficha, na siwalaumu, kwa sababu na mimi nilimdhania yule kijana hivyo hivyo.

Sasa tumevuna. Mzee amekaa kwenye rundo lake, amechagua kwa kiganja, ameyafunga. Juzi alipanda kwenye kile kinu, mkwe wangu amemshika miguu, na mimi niko chini ninampandishia mahindi. Nilikuwa ninayatoa mikononi mwangu huku nimeangalia mafiga. Boriti ile bado siwezi kuitazama yeye akiwepo. Alikuwa anakaza fundo juu ya fundo, kila kamba, anahema.

"Haya," akasema kutoka huko juu. "Panya akitaka kulifungua hili, aniamshe kwanza aniulize."

"Atakuuliza," nikamwambia, nikampa hindi jingine.